Tiara Iliyobaki Juu

Siku Mzee Gundi alipotoweka, hakuna aliyejua kwamba ametoweka. Tiara yake ilikuwa angani mchana kutwa.

Ilikuwa siku ya tamasha la tiara. Warushaji walijaa uwanjani tangu asubuhi, shingo zimepinda, macho juu, vidole vimefungwa plasta. Tiara nyeusi yenye jicho jeupe ilisimama upande wa mbali, juu ya ghala bovu lisilo na paa. Hapo ndipo mzee alipokuwa akirushia miaka yote, yeye na mshika gurudumu wake tu, anayemkunjia uzi, kwa kuwa hakupenda watu waone jinsi anavyovuta uzi. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Mtu akitaka kumsalimia Mzee Gundi aliipungia mkono tiara yake, basi.

Jioni watu walikunja nyuzi, wakashusha mahema, wakaanza kuagana. Tiara nyeusi ikabaki.

"Mzee leo hashibi," mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Mke wa mzee hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria ya chakula miguuni, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Aliinuka akaufuata uzi kwa macho, kisha kwa miguu. Uzi ulipita juu ya ghala, ukashuka taratibu, ukaishia kwenye nguzo ya chuma ya uzio wa zamani. Ulikuwa umezungushwa pale na kufungwa kwa fundo zuri. Hapakuwa na mtu.

Aliita. Waliokuwa karibu wakaja, wakaita pamoja naye. Mmoja wao akaona magunia ndani ya mtaro mkavu, akayavuta, kisha akayarudisha haraka kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Inspekta alifika kungali na mwanga kidogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuchuchumaa karibu na maiti bila kuziba pua. Koplo wake alizungusha utepe wa polisi kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta wa ghala.

Maiti ilikuwa ya mwanamume mzee, mwembamba, aliyelala kifudifudi. Shingoni palikuwa na jeraha jembamba, refu, kama lililochorwa kwa kalamu nyekundu.

Mwenyekiti wa chama cha warusha tiara alikuwa wa kwanza kusema. Alivaa fulana ya chama, na filimbi ikining'inia kifuani.

"Ni uzi, dada," alisema. "Uzi wa vioo. Tunaupaka gundi na unga wa chupa ili ukate uzi wa mpinzani. Ukilegea ukampitia mtu, ndiyo hivi. Ajali mbaya."

"Ajali imemfunika magunia?"

Mwenyekiti alitazama filimbi yake. Akasema huenda upepo uliyasukuma.

Inspekta alimwomba asiondoke mjini. Kisha akaenda kwa mjane, ambaye alikuwa amerudi kukaa juu ya ndoo yake. Hakulia. Alisema alifika na chakula mchana, akaiona tiara, akajua mume wake yupo. Hakumfuata nyuma ya ghala kwa sababu mzee alikuwa mkali akisumbuliwa, na njaa ikimbana angekuja mwenyewe. Alingoja. Alipochoka kungoja alikula sehemu yake.

"Nilikula namwangalia," alisema. "Nilikuwa naangalia ile tiara, mwanangu, naona kabisa kwamba nakula na mume wangu."

Inspekta alichuchumaa mbele yake. Mjane akamshika mkono.

"Hawa watasema ni ajali. Nawajua. Mimi sitaki ajali. Nataka mtu asimame aseme ni yeye."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mtu wa maneno machache, na chumba chake kilinuka dawa hadi kwenye ngazi. Alifunua shuka.

"Uzi ukimpitia mtu shingoni, hukata mbele. Pengine na ubavuni," alisema. "Huyu alizungushiwa. Tazama, alama zinakutana kisogoni. Aliyemfanyia alisimama nyuma yake."

"Vioo?"

"Vimejaa ndani ya jeraha. Ni uzi wao huohuo."

"Alikufa saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema. Mwili ulikuwa umekakamaa wote mlipouleta. Sina shaka."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Koplo alikuwa amechukua maelezo ya uwanja mzima, na uwanja mzima ulisema Mzee Gundi alikuwa hai mpaka jioni. Fundi baiskeli alimwona asubuhi, mchana na alasiri. Mwalimu mstaafu aliapa alimwona akiwa na furaha. Muuza viatu alisema alimwona "kwa macho haya mawili."

"Ama daktari amekosea, afande, ama mzee alikuwa anarusha tiara akiwa marehemu," Koplo alisema.

Inspekta aliwaita upya, mmoja mmoja, kwenye chumba kidogo cha kituo chenye meza moja na dirisha la nondo. Alianza na mwalimu mstaafu.

"Ulimwona Mzee Gundi siku ya tamasha?"

"Nilimwona."

"Alivaa nini?"

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga.

"Shati la rangi gani?"

"Kwa kweli..."

"Alikuwa na kofia?"

"Inspekta, ukweli wenyewe ni kwamba niliona tiara yake."

"Ulisema alikuwa na furaha."

"Tiara ilikuwa imetulia. Ikitulia tunasema ana furaha."

Fundi baiskeli alisema vilevile. Muuza viatu na macho yake mawili alisema vilevile, akaona aibu, akaomba maji. Hakuna hata mmoja aliyemwona mtu. Kwao tiara na mtu vilikuwa kitu kimoja. Wangeweza kupishana njiani na jirani yao wasimtambue, ila wakatambua tiara yake ikiwa na ukubwa wa nzi.

"Hawa hata kuku wao nadhani wanatembea wanaangalia juu," Koplo alinung'unika.

"Kwa hiyo aliyemuua aliwajua," Inspekta alisema. "Alijua wataangalia nini."

Tiara ilikuwa juu ya meza ya vielelezo, imefungwa ndani ya nailoni. Mjane aliitwa kuitambua. Alipitisha kidole juu ya jicho jeupe, juu ya vijiti vya mianzi, akasema ni yake. Kisha akafika chini, akasita.

"Huu mkia si wake. Siku ile macho yangu yaliishia kwenye jicho jeupe, sikuuona."

"Una hakika, mama?"

"Mume wangu hakuwahi kuweka mkia. Tiara ya kupigana haina mkia, inatakiwa igeuke upesi kama samaki. Mkia ni wa wanaojifunza. Unaituliza. Ukiweka mkia na upepo ukiwa mzuri, hata ukiifunga mahali, inakaa tu yenyewe."

Aliondoa kidole chake, akawa anaelewa alichokisema.

Inspekta aliwauliza warushaji. Ndiyo, waliuona mkia. Walicheka. Walisema mzee amechoka kupigana, leo ameleta tiara ya kitoto, na wengine walifurahi kwamba angalau mwaka huu hatawakata. Hakuna aliyevuka uwanja kwenda kumuuliza kulikoni.

Inspekta alirudi mezani, akawasha taa, akauinua mkia kwa kibanio. Ulikuwa mkanda mrefu wa vipande vya kitambaa cha buluu, vimeunganishwa kwa mshono wa cherehani ulionyooka sana. Kingo zake zilikuwa na meno meno, kama msumeno mdogo. Mkasi wenye meno ya namna hiyo hutumiwa na mafundi nguo ili kitambaa kisifumuke.

"Koplo, nani alikuwa mshika gurudumu wa marehemu?"

Gurudumu lilikuwa la mbao, lenye mpini kila upande, nalo ndilo linalozungushiwa uzi. Mrushaji hutangulia na uzi mikononi. Mwenzake husimama nyuma yake, akiachia au akikunja. Bila mshika gurudumu, mrushaji wa mapigano ni sawa na dereva asiye na breki.

Koplo alipekua maelezo. "Fundi cherehani, afande. Wanamwita Kimya. Alisema siku ile mzee alimfukuza asubuhi, eti anataka kurusha peke yake. Akaenda hemani kwa mwenyekiti, akashinda anashona tiara za watu zilizochanika. Hakutoka. Wote wanakubali."

"Mara hii walimwona mwenyewe?"

"Mara hii mwenyewe. Aliwashonea."

Kabla ya kwenda kwa fundi, Inspekta alipitia kwa mjane. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kile cha nyuma kilikuwa karakana. Kulikuwa na mianzi iliyopasuliwa, karatasi, kinu cha kutwangia chupa, na chungu cheusi cha gundi ambayo mzee aliichemsha mwenyewe kutokana na ngozi za ng'ombe. Harufu yake ilikuwa imeshika mpaka pazia. Majirani walilalamika miaka mingi, kisha wakachoka wakampa jina la Gundi. Siku moja alimpa mkono mgeni rasmi wa tamasha, mikono ikagandana, ikabidi waletewe maji ya moto. Mjane alisimulia hilo akitabasamu, halafu tabasamu likamwishia midomoni.

Inspekta aliuliza kuhusu fundi cherehani.

"Kimya? Masikini yule. Alikuja kwetu baada ya kumzika binti yake. Binti alikuwa kwenye baiskeli, anapeleka nguo kwa mteja, uzi ukaangukia barabarani. Tamasha la mwaka jana."

"Uzi wa nani?"

"Hakuna aliyesema. Chama kina sheria yake, tiara ikikatika haidaiwi. Aliyeiokota ni yake, na aliyeipoteza asiulizwe. Basi hata polisi walipokuja, hakuna aliyejua." Alivuta upande wa kanga. "Kimya alipokuja kuomba kujiunga, wengine walishtuka. Mume wangu akasema, mtu aliyefiwa apewe kitu cha kushika. Akampa gurudumu lake."

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake, chaki sikioni. Nguo za watu zilining'inia ukutani, kila moja na kikaratasi. Inspekta aliingia, Koplo akabaki mlangoni. Fundi aliwatazama, akatazama mikono yao, akarudisha macho kwenye sindano.

"Naomba nimalize pindo hili," alisema. "Mwenye nguo anakuja kuchukua, na ameshalipia."

Inspekta alimruhusu. Alisimama akisikiliza cherehani, akitazama kikapu cha mabaki chini ya meza. Kulikuwa na mabaki ya buluu ndani yake. Mkasi wa meno ulikuwa kwenye msumari.

Fundi alikata uzi kwa meno, akaikunja nguo vizuri, akaiweka juu ya meza mahali inapoonekana. Kisha akainuka.

Katika chumba cha mahojiano Inspekta alimweleza haki zake. Halazimiki kusema lolote. Atakalosema litaandikwa na laweza kutolewa mahakamani. Fundi alisema ameelewa. Vidole vyake vilikuwa na makovu na plasta, lakini hilo halikuwa ushahidi. Katika chama kile, asiye na kidonda kidoleni ndiye wa kutiliwa shaka.

"Mara ya mwisho ulimwona lini Mzee Gundi?"

"Asubuhi ya tamasha."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Akakwambia nini?"

"Kwamba anataka kurusha peke yake."

"Aliwahi kurusha peke yake hapo nyuma?"

Fundi alikunja vidole vyake.

"Fundi, huu ni mkia wa tiara yake. Umekatwa kwa mkasi wa meno. Mkasi tumeuchukua dukani kwako, maabara watatuambia kama meno yanaoana. Kitambaa kimo kwenye kikapu chako. Unataka tungoje maabara?"

Fundi aliutazama mkia ndani ya nailoni. Alinyoosha kidole, akagusa mshono juu ya plastiki, kama anaukagua.

"Hamna haja ya kungoja," alisema.

"Uliushona lini?"

"Wiki moja kabla. Siku ileile aliyoniambia."

"Alikwambia nini?"

Fundi alianza mbali. Alisema siku ya mazishi ya binti yake, warusha tiara walikuja wote wakiwa na fulana zao. Walikaa nyuma. Walimpa pole mmoja mmoja, wakiangalia chini, na ilikuwa mara ya kwanza kuwaona watu hao wakiangalia chini. Akajua kwamba mmoja kati ya mikono aliyoshikana nayo ndio ulioshika uzi ule. Hakujua upi. Alikwenda polisi wa barabarani, wakamwambia ni ajali na uzi hauna mwenyewe. Alikwenda kwa mwenyekiti, akapewa chai na kuambiwa sheria ya chama. Ndipo akajiunga.

"Ili ulipize kisasi?"

"Ili nijue. Niliamini kwamba nikikaa nao, siku moja mtu ataropoka. Nilishika gurudumu mwaka mzima. Nilitwanga chupa. Nilijifunza kupaka uzi, uzi uleule. Yule mzee alikuwa mwema kwangu, Inspekta. Sitamsema vibaya."

"Na wiki moja kabla ya tamasha?"

"Tulikuwa karakana, anakoroga gundi yake. Akaacha kukoroga. Akanishika mkono, akalia. Akasema mwaka jana, saa ile binti yangu alipopita, tiara yake ilikuwa imekatika, na uzi ulioanguka barabarani ulikuwa wake. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile. Akaniomba nimsamehe."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimemsamehe."

Koplo aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Ulimaanisha?"

"Nadhani nilimaanisha. Nilitembea mpaka nyumbani nikimaanisha. Nilipofungua duka, nikaona baiskeli ya binti yangu ukutani, nikakaa kwenye cherehani nikaanza kukata kitambaa. Sikujiuliza nashona nini. Nilipomaliza nikaona ni mkia."

"Eleza asubuhi ya tamasha."

"Tulifika kabla ya wengine. Alikuwa anapima upepo, nami nimeshika gurudumu nyuma yake." Alikunja ngumi kama aliyeshika mipini. "Mrushaji humpa mgongo mshika gurudumu. Ndiyo kazi ilivyo. Hawezi kuangalia angani na nyuma kwa pamoja, lazima amwamini. Nilivuta uzi kiasi cha kutosha."

"Alisema neno?"

"Hapana."

"Halafu?"

"Nikamweka mtaroni, nikamfunika. Nikafunga mkia, nikaipandisha tiara. Ilipanda vizuri sana. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nikaifunga kwenye nguzo, nikaenda hemani nikaomba sindano."

"Ulijua wataangalia juu tu."

"Mwaka mzima nimekaa nao. Hata binti yangu alipolala barabarani, wa kwanza kufika alikuwa anakimbilia tiara."

Alitia sahihi maelezo yake kwa mwandiko wa fundi, herufi zote zimelingana. Kwa polisi kesi ilikuwa imeisha. Mkuu wa kituo alimpongeza Inspekta mbele ya wenzake, akamwambia apeleke jalada kwa mwendesha mashtaka.

Lakini jalada lilitaka sababu ya mauaji ithibitishwe. Inspekta akaandika barua kwa kitengo cha barabarani, akaletewa bahasha ya kielelezo cha mwaka jana. Ndani yake mlikuwa na kipande cha uzi uliomuua binti. Aliupeleka maabara pamoja na uzi wa Mzee Gundi, kwa utaratibu tu, ili ripoti iseme nyuzi mbili ni za mtu mmoja.

Ripoti haikusema hivyo.

Mtaalamu wa maabara alimpigia simu mwenyewe. Uzi wa Mzee Gundi, alisema, umepakwa gundi ya ngozi. Uzi wa bahasha umepakwa uji wa ngano na kioo cha kijani. Hazikutoka chungu kimoja.

"Mzee hakuwahi kubadili gundi?" Inspekta alimuuliza mjane. Mjane alisema mume wake angeweza kubadili mke kabla ya kubadili gundi. Kisha akauliza kwa nini anaulizwa. Inspekta akamwambia atarudi.

Mwenyekiti alimpokea ofisini kwake, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani kulikuwa na picha za matamasha, na katika kila picha alisimama mbele. Alimkaribisha chai. Inspekta alikataa.

"Uzi wa mwaka jana ulipakwa uji wa ngano na chupa ya kijani. Nani anatumia hivyo?"

"Watu wengi."

"Saa ile, nani alikuwa anapigana na Mzee Gundi?"

Mwenyekiti aliweka kijiko kando.

"Tulikuwa mimi na yeye."

"Tiara ya nani ilikatika?"

"Zote mbili. Hutokea mara chache. Nyuzi zilisuguana zikakatana kwa pamoja."

"Yake ilianguka wapi?"

"Kwenye mapaa, ng'ambo ya soko."

"Na yako?"

"Tiara ikikatika, dada, haidaiwi. Hiyo ndiyo sheria yetu ya..."

"Sikuulizi sheria."

Nje mtu alikuwa anapakia mabati kwenye mkokoteni. Mwenyekiti alisubiri kelele zipungue.

"Yangu ilianguka barabarani," alisema.

"Mzee Gundi alijua?"

"Alijua zimekatika mbili. Hakujua ipi imeanguka wapi. Alikuja hapa siku ileile akitetemeka, akasema ni uzi wake umemuua mtoto. Nikamwambia anyamaze, kwa faida ya chama. Tamasha lingefungwa."

"Hukumwambia kwamba si wake."

"Hakuniuliza."

"Alikaa mwaka mzima akiamini."

"Sasa ningefanyaje? Ningemwambia, angekwenda kusema. Unamjua yule mzee alivyokuwa." Aliivuta chai karibu, hakuinywa. "Mimi sikumuua binti. Upepo ulikuwa wangu? Na huyo mzee sikumuua mimi. Ameuawa na fundi, na fundi mnaye."

Inspekta aliandika maelezo yote, akampa asaini. Mwendesha mashtaka aliyasoma mara mbili. Akasema jalada la binti lilifungwa kama ajali, na hakuna sheria inayokataza uzi wa vioo wala inayomlazimisha mtu kudai tiara yake. Kuhusu kunyamaza, alisema, kunyamaza ni tabia mbaya, si kosa la jinai. Hakuwa na furaha aliposema hivyo. Alirudisha jalada juu ya meza kwa mikono miwili.

Inspekta angeweza kuacha hapo. Koplo alimshauri aache. Fundi amekiri, mjane amempata mtu wake wa kusimama, kwa nini amchimbue marehemu. Inspekta alikaa na wazo hilo siku nzima, kisha akaenda mahabusu.

Fundi alikaa ukutani, mikono magotini. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye."

"Na yeye mwenyewe hakujua?"

"Hakujua."

Fundi aliangalia vidole vyake. Plasta zilikuwa zimeanza kubanduka.

"Alilia," alisema. "Alinishika mkono huu hapa akalia kwa kitu ambacho hakukifanya." Hakuuliza uzi ulikuwa wa nani, na Inspekta alipoanza kumwambia, aliinua kiganja kumzuia. "Nimeshaona inavyokuwa nikijua," alisema.

Kwa mjane Inspekta alikwenda peke yake. Karakana ilikuwa imefagiliwa. Chungu cha gundi kilikuwa kimesuguliwa, kikaning'inizwa, lakini harufu haikuwa imetoka. Alimweleza yote polepole, kuhusu nyuzi mbili, gundi mbili, na mwenyekiti na chai yake.

Mjane alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo mwaka mzima ule alipokuwa anaamka anakaa kitandani..."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni mgongo. Nilikuwa namkanda mgongo."

Mjane alifuta mikono kwenye kanga.

"Amekufa akiamini ameua mtoto wa watu."

"Ndiyo."

"Na aliyejua kwamba si yeye alikuwa anakuja hapa kula. Alikula kwenye sahani hizi." Mjane alivuta kiti, akakaa. "Ungeniacha na yale ya kwanza, mwanangu. Yale ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kuyazoea."

Inspekta alisema samahani. Mjane alisema si kosa lake. Walikaa wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kama karakana inapangishwa.

Fundi cherehani bado yuko mahabusu akingoja kesi kusikilizwa. Amekataa wakili. Duka lake limechukuliwa na muuza simu, na nguo za wateja ambazo hazikuchukuliwa zimo kituoni, kwenye sanduku, na vikaratasi vyake. Mjane amehamia kwa dada yake.

Tamasha la mwaka huu litafanyika mwezi ujao, katika uwanja uleule. Mwenyekiti ndiye atakayerusha tiara ya kwanza.